Jiwe la Mwisho wa Sauti

Hebu niambieni, nyie mnaojua mambo: mtu akishika kamba ya mbuzi, mbuzi akaenda na mtu naye akaenda, nani kamchunga mwenzake? Msinijibu upesi. Ngwali aliulizwa swali kama hilo alipokuwa kijana, akalijibu upesi, na upesi ule ndio uliomkalisha hapo alipo sasa, kibarazani kwake, chapuo, ngoma yake ndogo, mapajani, mkono wa kulia ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, mwaka wa kumi na mbili huu.

Nasema mwaka kwa mazoea ya ulimi tu. Katika mji huu jua lilikwama alasiri, siku nitakayoisimulia, na tangu hapo halijashuka. Kivuli cha kinu kimelala pale pale kilipolala, kirefu kama mtu mzima, kikielekea mlango wa jikoni. Watu hulala wakichoka na huamka usingizi ukiwaisha. Miaka wanaihesabu kwa magauni ya Mize, binti wa Ngwali. Pindo likikunjuliwa ili gauni lifike miguuni, wanawake wa mtaani husema, "Haya, mwaka huo umekwenda." Pindo limekunjuliwa mara kumi na mbili. Mize alikuwa mtoto wa miaka saba. Sasa ni mwanamke, tena mwanamke mwenye kauli.

Ngwali alikuwa fundi. Ufundi wenyewe si kupiga ngoma tu, la. Ni mambo matatu yaliyofungwa kamba moja: kupiga, kutibu na kuuliza. Bi Mkasi, bibi mfupi aliyemlea na kumfundisha, alikuwa akimvuta sikio na kumwambia, "Mkono wa kulia upige, wa kushoto ushike mshipa, kichwa kiulize. Kimoja kikilala, we si fundi, we unaua nzi juu ya ngozi."

Mgonjwa akija alilazwa mkekani, akafukizwa kivumbasi mpaka jasho limmwagike, akalambishwa asali yenye haba soda. Kisha fundi alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mshipa, akaanza kupiga vile vile moyo unavyopiga: ukichechemea naye achechemee, ukikimbia naye akimbie. Ngoma inaufuata moyo. Inaufuata siku moja, mbili, tatu, mpaka saa fulani ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa macho mambo yanageuka. Fundi anapunguza, na moyo nao unapunguza. Sasa moyo ndio unaoifuata ngoma, na fundi anauongoza taratibu mpaka njia iliyonyooka. Kabla ya pigo la kwanza lazima aulize swali asilolijua jibu, maana anayepiga akiwa na majibu humjaza mgonjwa majibu yake. Swali la Bi Mkasi lilikuwa moja tu, "Nani anamfuata nani?"

"Kwanza ngoma inaufuata moyo, halafu moyo unaifuata ngoma," alijibu Ngwali, kijana wa watu, kifua mbele.

"Kumbe unajua," alisema Bi Mkasi, na hakumsemesha tena siku nzima.

Siku ya saba ndiyo siku ya kuachia. Fundi anainua mkono katikati ya mapigo na haushushi tena, moyo uende wenyewe. Somo la kuachia Ngwali hakulipata. Asubuhi ya somo aliitwa kwenye nyumba ya mkubwa mmoja aliyeshikwa na kwikwi, akaona heri aende akajulikane. Aliporudi na sifa zake, Bi Mkasi alikuwa ameshafunikwa shuka. Alilia, tena alilia kweli. Lakini moyoni alijiambia, kuinua mkono kuna nini cha kufundishwa? Hata kuku huinua mguu. Loo, ujana huu!

Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia Mize, mtoto mwenye moyo uliolia kama kifaranga kilicholowa. Alipofika miaka saba moyo ule ukataka kunyamaza kabisa. Ngwali akampigia siku sita. Siku ya saba, alasiri, jua likiwa juu ya kinu, akashika mshipa kwa kushoto na kuinua mkono wa kulia.

Moja. Mbili. Tatu.

Chini ya kidole chake hapakuwa na kitu. Midomo ya mtoto ikageuka rangi ya jivu. Mkono wa Ngwali ukaanguka wenyewe juu ya ngozi, du, na moyo wa Mize nao ukaitikia, du. Tangu hapo mkono haukuinuka tena kwa kuachia, na jua, kama lililokuwa likimtazama, likakwama.

Hebu fikirini maisha hayo. Alijifunza kulala mkono ukiwa macho. Kula kwa kushoto ni aibu, basi Mize alimlisha matonge. Ngozi ikilegea, Mize alisogeza kigae cha makaa, ngozi ikaota moto huku ikipigwa. Wagonjwa waliendelea kuja, naye akawatibu wote kwa pigo lile lile moja, lakini hakumwachia hata mmoja, kwa sababu mkono ukiinuka kwa jirani umeinuka na kwa Mize. Waliokuja na vichomi walibaki ndani ya ngoma. Walioleta wagonjwa nao wakanasa kwa kusikia. Mwishowe mji mzima ukawa na moyo mmoja. Michi ilishuka vinuni pamoja. Watoto wachanga walilia pamoja, wakanyamaza pamoja, na mgeni akipita angesema, "Mashallah, watu waliotulia hawa!" Ngwali akisikia utulivu ule alitokwa na jasho la baridi.

Siku moja alipiga chafya. Chafya tu, jamani, pigo moja likampita. Sokoni watu kumi na mmoja wakakaa chini ghafla, vikapu vikawatoka, nyanya zikabingirika mpaka mtaroni. Kuanzia hapo aliogopa kila kitu: vumbi, nzi, pilipili, ndoto. Zaidi ya yote aliogopa mkono wake mwenyewe, akiutazama kama mtu anayeishi nyumba moja na chui aliyemfuga tangu mtoto.

Sasa tuingie siku yenyewe. Mize alimlisha tonge la mwisho, akanawa, akajifunga kanga kiunoni.

"Baba, leo natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya jiwe."

Jiwe hilo lilikuwa mwisho wa mji, kwenye mteremko, urefu wake mpaka kiunoni. Hapo ndipo sauti ya ngoma ilipoishia. Nyuma yake palikuwa na nyasi zinazopeperuka ovyo, kila moja kwa wakati wake, na wazazi waliwakataza watoto kuzitazama.

"Umechanganyikiwa," alisema Ngwali. Mkono haukukosea. "Ukipita pale moyo utatafuta ngoma usiione."

"Juzi nilikuta nyoka jikoni, kajikunja juu ya gunia la mchele, kichwa juu. Unajua moyo wangu ulifanya nini? Du. Du. Du. Kama ninachagua mawe kwenye kunde. Yule kijana Faki alinishika mkono kisimani, akaniambia maneno ambayo kwenye nyimbo huwa yanaunguza watu. Tukatazamana kama tunaosubiri maji yachemke! Sijaogopa hata siku moja, baba. Sijafurahi. Woga wangu wote umeuogopa wewe. Nataka moyo uniende mbio, hata mara moja."

"Utakufa, mwanangu."

"Basi nitakuwa nimekufa mimi." Alisema bila ukali, kwa sauti iliyonyooka kama siku zote, na unyoofu ule ndio uliomchoma baba. "Njoo uniachie kwa mkono wako, kama fundi. Usipokuja nitapita peke yangu, sauti ikatike yenyewe. Nakwenda kusuka nywele kwanza. Nikimaliza, nakwenda."

Akatoka. Nyayo zake zikaenda na ngoma mpaka zikapotea uchochoroni.

Habari za kinywa cha msusi haziozi. Kabla nywele hazijafika nusu, Sheha Vuai, msimamizi wa mji, alikuwa ameshafika barazani na bakora yake, ameketi bila kukaribishwa.

"Fundi, nimesikia maneno."

"Maneno hayakosi, sheha."

"Tangu mkono wako ukae hapo, sijaamua kesi hata moja. Hakuna aliyemvunja mwenziwe meno, hakuna mke aliyerudi kwao. Watu wanaupenda utulivu huu."

"Wanaupenda, au hawana uwezo wa kuuchukia?"

"Maswali hayo ni ya ufundi wenu." Sheha akacheka, na cheko lake likaja kwa mapigo, ha kwa kila du. "Mimi nakwambia kwa adabu. Binti yako ni mmoja. Mji ni watu. Mkono ukiinuka kule jiweni, damu za hawa zitakuwa juu yako."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Ngwali hakumsimulia mtu. Hasira ilimpanda, na mkono ukaongeza kasi, kidogo tu. Sheha akaacha kucheka, akajishika kifua. Ngwali akaona jicho la mwenzake likimtoka, akajua kwamba akitaka ataendelea, na hakuna atakayeweza kumshtaki, kwa kuwa hata hakimu yumo ndani ya ngoma. Utamu ukampita mwilini. Wallahi, ulikuwa utamu. Akarudisha mkono kwenye mwendo wake huku meno yakimgongana.

"Nenda, sheha," alisema. "Nenda nyumbani kwako, nakuomba."

Sheha hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ngwali akabaki peke yake, na katika upweke ule akasikia mtu akikuna nazi jikoni. Nywele zikamsimama. Si kwa sababu nyumba haikuwa na mtu. Ni kwa sababu mkunaji hakufuata ngoma: kwaru, kwaru-kwaru, kimya, kwaru. Kwa miaka kumi na miwili hakuwa amesikia kiumbe kinachokwenda upogo. Aligeuza shingo, akafuata kwa macho kivuli cha kinu mpaka mlangoni, na pale ndani, juu ya kibao cha mbuzi, alikuwa ameketi Bi Mkasi, kifuu mkononi, machicha yakimdondokea miguuni.

"Umekonda," alisema marehemu.

"Bibi. Nifundishe siku ya saba."

"Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Tatu."

"Ukapiga."

"Nikapiga. Angekufa!"

Bi Mkasi akacheka mpaka akakohoa, kifuu kikamponyoka. "Moyo ukiachiwa hunyamaza kwanza, we Ngwali. Unasikiliza kama yupo bado wa kuubebea mzigo. Ukisikia hayupo, unajitwika. Wewe ulipiga nao ungali unasikiliza, ukaujibu kwamba upo. Mtoto wa watu ungemlaumu kwa nini?"

"Kumbe ningesubiri tu! Mpaka ngapi?"

"Hapo ndipo penye kazi." Akaokota kifuu, akakipangusa kwa upindo wa kanga. "Upo moyo unaosikiliza kidogo. Upo unaosikiliza mpaka ukazikwa. Kwa nje ni kimya kimoja, na mimi sikujua kuvitofautisha. Wagonjwa wangu wawili hawakurudi. Kila siku ya saba nilijikojolea kidogo, mwanangu, ndiyo sababu nilivaa kanga mbili."

Aliongeza jambo jingine, lakini sasa sura yake ilikuwa inafanana mno na sura yake Ngwali, ile aionayo kwenye beseni la dawa akiinama, hata hakujua kama anasemeshwa au anasema. Alipopepesa macho, jikoni palikuwa na kibao kitupu na machicha sakafuni.

Na sasa mawazo yake, kama yalivyomjia, nayo hayakuja kwa mpango.

Tatu ni chache. Lakini tatu ile ilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na miwili iliyofuata. Nikisema nampenda, mbona nimemfunga? Nikisema nimemfunga, mbona ni mimi nisiyeondoka kibarazani? Kamba ina ncha mbili. Nilimtibu ili aishi, au ili nisione midomo ile tena? Du. Asiyeogopa chochote, yu hai kwa kitu gani? Du. Wawili hawakurudi. Bibi hakuniambia kati ya wangapi. Du. Mungu wangu, kati ya wangapi?

Mize akarudi, kichwa kimesukwa mistari minne, shingo wazi kama ya mtoto. Akasimama mbele ya baba yake akimsubiri. Ngwali akainuka, magoti yakalia, akaitundika chapuo shingoni huku akipiga. Maji ukishayavulia nguo, shurti uyaoge. Wakatoka.

Watu walikuwa milangoni. Sheha alikuwa amewaeleza, lakini hakuna aliyepiga kelele wala kumzuia, kwa kuwa hofu inahitaji moyo unaokwenda mbio na wao hawakuwa nao. Walitazama tu, du, wakipepesa macho pamoja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia Ngwali kwa upole, "Shikamoo, Bi Mkasi," na Ngwali akaitika marahaba, kisha akashtuka. Kila hatua aliona mtu aliyemtibu: yule wa kichomi, yule wa kifafa, yule aliyekuja kusindikiza tu. Kama mikono yao ingeweza kumshika nguo, angerudi. Haikumshika. Akalia njia nzima, machozi yakiangukia ngozi, ngozi ikianza kulegea.

Jiweni Mize alikaa, mgongo kwenye jiwe, akampa kifundo cha mkono. Nyasi zile zilipeperuka nyuma yake kila moja kivyake, na Ngwali akakwepa kuzitazama.

"Uliza swali, baba. Fundi huuliza."

"Nani anamfuata nani?" alisema Ngwali, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua jibu.

Akainua mkono.

Moja. Kule nyuma mji ukakatika sauti. Michi ikabaki juu, mikononi mwa wenyewe.

Mbili. Chini ya kidole, hakuna.

Tatu. Midomo ikaanza kuwa jivu, jivu lile lile, mtoto yule yule wa miaka saba akamtazama kutoka ndani ya uso wa mwanamke, na mkono ukaanza kushuka. Ngwali hakuushusha. Ulishuka wenyewe, kama ulivyozoea. Mize, kichwa kikimlegea, akaudaka kwa mkono wake mwingine na kuubana kifuani pake.

Nne. Tano. Ngwali akapiga yowe lisilotoka. Sita. Alitaka kuuvuta mkono, kidole kimoja tu kiguse ngozi, kimoja. Saba. Vidole vya Mize vikaanza kulegea. Nane. Vikaachia. Sasa mkono ulikuwa huru juu ya chapuo, hakuna aliyeushika, na Ngwali akaushikilia hewani kwa nguvu ambayo hajui aliitoa wapi, mkojo ukimtiririka mguuni.

Tisa.

Kitu kikamgusa kidole. Hakikuwa du. Kilikuwa teke, kisha kimya, kisha mateke mawili ya haraka, mchechemeo, haraka tena, mwendo mbovu usio na adabu ambao hakuna fundi aliyeufundisha. Mize akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho.

Na mji nao ukafumuka. Mchi mmoja ukashuka, halafu mwingine, halafu kumi ovyo. Mtoto akalia peke yake. Mtu akamtukania mwenziwe mama yake. Sauti ya sheha ikasikika ikiita watu watulie, na hakuna aliyetulia. Kama kulikuwa na ambao hawakurudi, kelele zile ziliwafunika, na kilio chao kingekuja baadaye. Kivuli cha jiwe kikasogea upana wa kidole.

"Baba!" Mize alijishika kifua. Alikuwa anacheka na kulia. "Baba, unakwenda mbio! Usikie!"

Ngwali alitaka kusikia. Lakini alijikuta chini, shavu kwenye udongo, chapuo imebingirika pembeni. Hakusikia maumivu. Alisikia mahali ndani yake palipokuwa na kitu na sasa hapana. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na yeye hakuwahi kujiuliza kama mganga naye yumo ngomani. Alikuwemo, tena wa kwanza. Moyo wake ulikuwa umeketi karibu na mkono kuliko mioyo yote, ukiufuata miaka kumi na miwili, na sasa ulikuwa umenyamaza, ama ukisikiliza, ama umekwisha. Hata yeye mwenyewe, aliyekuwa ndani, hakuweza kuvitofautisha.

Mize akamshika kifundo cha mkono. Ngwali aliona uso wa binti yake ukibadilika, macho yakimtoka, jasho likimchomoza puani. Ndio kwanza aone woga kwenye uso ule. Alimwona akiivuta chapuo, akiinua mkono wa kulia juu ya ngozi kama alivyoona ukiinuliwa maisha yake yote.

Piga, alitaka kusema Ngwali. Wallahi, mwanangu, piga. Mwili wake wote uliomba lile du, fundi mzima akiomba kama mtoto anayeomba ziwa la mama.

Mize akautazama mkono ule. Kisha akaibinua chapuo, ngozi ikatazama udongo, akaikalia kwa uzito wake wote ili mkono usipate njia, akakibana kifundo cha baba yake kwa mikono miwili. Moyo wake ulimwenda mbio hata Ngwali aliusikia kupitia vidole vyake, mbio za kujikwaa, mbio za mtu aliyefukuzwa.

"Naogopa, baba," alisema. "Naogopa sana." Akaanza kuhesabu.

Alipofika tisa, sauti ikamkatika. Akameza mate, akasema kumi.